Mkanda Uliofunga

Usiku wa kuamkia leo niliota Pijo ya Babu imelazwa bwenini kwetu, kitanda cha chini karibu na dirisha, na kiranja wa zamu anaita majina.

"Pijo!"

"Nipo," gari likajibu.

Hakuna aliyeshangaa. Kiranja akaweka alama ya vema, akaendelea.

Msomaji anastahili kujua mambo yalivyokuwa kabla sijalala. Pijo ya Babu ni gari la zamani, rangi ya maziwa, la enzi ambazo abiria alijishikilia kwa imani. Mama ni muuguzi wa wodi ya majeruhi, na imani hiyo ameishona nyuzi mara nyingi. Kwa hiyo alinunua mikanda ya usalama ya kisasa, ile inayojikunja yenyewe, akamwita fundi Hizza aje kuifunga. Babu akasimama mbele ya mlango wa gari, mikono kiunoni.

"Hili gari halitobolewi."

"Basi, baba, mwanangu hapandi tena," Mama akasema.

Kila likizo Babu ndiye hunipeleka shule na kunirudisha, sisi wawili tu, na kwenye mlima huwa anaimba. Jana jioni hakuimba. Hata chakula alikigusa tu. Nililala nikijua kwamba kuanzia sasa mimi ni mtoto wa basi.

Turudi bwenini. Juu ya kitanda changu kuna boksi. Mkanda unachomoza kichwa, unaitazama Pijo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mgeni wa nani wewe?"

"Wa binti wa mzee."

"Wa binti," Pijo ikaguna, ikazima taa moja.

Ninaushika mkanda, ninauvuta. Hauji. Ninaweka mguu kwenye chaga ya kitanda, ninavuta tena.

"Nimefunga," ukasema.

"Ramadhani iliisha zamani."

"Habari za Ramadhani sizijui. Ukinivuta kwa pupa, nafunga."

Kwa kuwa nimelelewa vizuri, nikaenda jikoni kuutafutia uji na tende. Jiko la shule lilikuwa ndani ya kabati langu. Mpishi akanijazia bakuli bila kuninunia, jambo ambalo peke yake lingetosha kunijulisha kwamba ninaota.

Mkanda ukautazama uji. "Niutie wapi?"

Swali la haki. Nikaumwaga kwenye viatu vya kiranja, nikajaribu njia nyingine: nikavuta polepole, kama mtu anayemvua mwenzake shuka bila kumwamsha, kazi ambayo nina uzoefu nayo. Mkanda ukaja, ukaja, laini kama ulimi wa ndama. Katikati ukafunga tena.

"Nimekosa nini sasa?"

"Umenilaza ubavu. Tumboni nina gololi. Lazima ijue chini ni wapi. Isipojua, sitoi hata uzi."

"Chini ni pale," nikaonyesha sakafu.

"Una hakika?"

Sikuwa nimewahi kuulizwa. Nikaupenyezea kidole tumboni, nikaitoa gololi, nikaiweka kiganjani na kuinamisha mkono kushoto. Shule nzima ikainama kushoto. Viranja wakateleza sakafuni kwa mstari, wakipita huku wanaandika majina ya wapiga kelele. Nikainamisha kulia, wakarudi, bado wanaandika. Mwalimu wa zamu akapita amekalia kiti chake, akanipungia mkono, akatokea dirishani. Nikasema moyoni, kumbe hii ndiyo elimu.

Nikataka kujua itakuwaje nikiugeuza mkono kabisa. Nikaugeuza.

Bweni limekuwa barabara ya Lushoto, ile ya kona juu ya kona, ila sasa imesimama wima kama ngazi. Nimo ndani ya Pijo, nimeng'ang'ania kiti. Babu yuko kwenye usukani, anaimba. Kilichokuwa mbele ndicho kimekuwa chini.

"Babu, unateleza."

"Sitelezi. Nimesogea kidogo."

Makalio yake hayagusi kiti.

"Babu, shika mkanda!"

"Kona hizi nimezipiga mama yako hajazaliwa," akasema, na pua ikagusa kioo cha mbele. Nyuma ya kioo kuna bonde. Mwisho wa bonde kuna wodi, na mlangoni pa wodi amesimama Mama, ameshika sindano na uzi, anatazama juu.

Hapo hamu ya mchezo ikaniisha.

"Fanya kitu!" nikauambia mkanda.

"Nijishikize wapi? Sina tundu."

"Bibi Pijo, kubali kutobolewa!"

"Nitobolewe? Kwani mimi gunia?"

"Si kutobolewa, bibi," mkanda ukasema kwa adabu. "Ni kutogwa."

Injini ikanyamaza isikilize.

"Kutogwa masikio?"

"Naam. Moja juu kwenye nguzo ya mlango, mengine chini kiunoni."

"Na hereni?"

"Bolti mpya kabisa. Nyuma yake bamba la chuma, isije ikachomoka."

Pijo ikashusha pumzi kupitia kabureta. "Umri wote huu hakuna aliyeniuliza. Huyu mzee ndiye anayetangaza, hataki, hataki. Mimi sijasema. Anayeogopa sindano ni yeye. Nilimpeleka chanjo, tukageuza njiani."

"Uongo!" Babu akasema, lakini mdomo ulikuwa umebanwa na kioo, kwa hiyo ikasikika "uoo."

Pijo ikajitoga yenyewe, ti, ti, ti, bila kulia. Nikairudisha gololi tumboni mwa mkanda, nao ukajishikiza upande wa Babu, mwenzake upande wangu. Babu akarusha mkono nyuma, akaukwapua.

"Umefunga!" akapiga kelele.

"Taratibu, Babu. Uombe."

"Niombe utepe, mimi?"

Kioo kikatoa ufa, mwembamba, kuanzia puani kwake kwenda pembeni. Babu akafumba macho. Akanyoosha mkono tena, safari hii kama anayemwongoza mgeni mlangoni.

"Njoo, baba," akaunong'oneza. "Njoo tu."

Ukaja. Klik. Wangu nao, klik.

Barabara ikaanguka. Sisi hatukuanguka.

Nikaamka. Nje kulikuwa kumekucha, na fundi Hizza alikuwa anafunga boksi la mikanda kwenye keria ya baiskeli, alirudishe dukani. Babu alikaa barazani na kikombe cha chai, amevaa singlendi.

"Hizza," akaita. "Teremsha hilo boksi. Lete na drili."

"Mzee, si jana ulisema..."

"Jana nilisema ya jana."

Alikuwa anajikuna. Alama nyekundu ilitoka bega lake la kulia, ikakatiza kifua, ikaingia ndani ya singlendi kuelekea kiuno cha kushoto, bapa, na mistari midogo ya ufumaji imejichapa ndani yake. Aliona ninaiangalia.

"Mbu," akasema.

Nikachungulia ndani ya shati langu. Yangu ilianzia bega la kushoto, upande wa abiria. Nikafunga vifungo hadi shingoni.

"Wamezidi mwaka huu, Babu."