Nusu-Mechi

Watazamaji ndio waliompa jina hilo, na hawakumsingizia. Katika mashindano matatu ya tenisi ya wanawake yaliyopita alijiondoa mchezo ukiwa katikati, mara goti, mara bega. Ukitaka kumpigia makofi, walitaniana, piga mapema.

Safari hii alikuja na neno moja kifuani: atamaliza, hata kama ni kwa kushindwa.

Seti ya kwanza ilimponyoka. Katika ya pili, akiinua mkono kuanzisha mpira, bega likagoma njiani. Daktari wa mashindano akamfuata kwenye benchi, akalibonyeza, akatikisa kichwa.

“Halipandi tena leo. Jiondoe, dada. Asiyekubali kushindwa si mshindani.”

“Nikishindwa nitakubali, daktari. Kwani nimeshashindwa?”

Mdogo wake, ambaye ndiye kocha wake, aliinama kutoka safu ya mbele. “Utaanzishaje mpira bila bega?”

“Kwa chini.”

“Kama watoto?”

“Umewahi kuona mtoto akijiondoa mchezoni?”

“Wewe. Kila siku, tena kwa kilio.”

Nusu-Mechi akacheka licha ya maumivu, akarudi uwanjani. Sakafu, zege lililopakwa rangi ya buluu, ilitema joto mpaka ndani ya viatu. Akauachia mpira usawa wa kiuno, akausukuma kwa chini. Ukavuka wavu kivivu, ukadunda, ukafa. Mpinzani wake, binti aliyesimama mbali akisubiri kombora, alikimbia akachelewa. Majukwaa yakazomea.

“Huyu ananidharau,” binti akamwambia mwamuzi.

“Sheria inamruhusu.”

Lakini binti hakuwa mjinga. Alisogea mbele, akaanza kuiadhibu ile mipira ya kitoto, hata ikabaki pointi moja tu mechi iishe. Hapo mwanamume mmoja wa jukwaa la juu, aliyeshinda akipiga kelele kwamba Nusu-Mechi afunge begi lake, akainuka, akachukua mwavuli, akaanza kushuka ngazi.

Nusu-Mechi akauzuia mpira mkononi. Akamnyooshea raketi.

“Kaka, unakwenda wapi? Mechi haijaisha.”

Sauti ya mama mmoja ikamtupia mwanamume yule kutoka nyuma: “Kaa chini, Nusu-Mechi!”

Uwanja mzima ukaangua kicheko, na safari hii hakuchekwa yeye. Mwanamume akakaa pale pale, juu ya ngazi, mwavuli mapajani.

Nusu-Mechi akaanzisha kwa chini. Pointi ikawa yake. Na iliyofuata. Ilimbidi binti aifukuzie mechi ile upya, akihema, akipangusa jasho kwa mkono wa fulana, na alipoipata hatimaye, mpira wa mwisho ulimkuta Nusu-Mechi amesimama, mkono ukining’inia kama nguo iliyoanikwa.

“Dada, umenitesa,” binti alimwambia wavuni.

“Nimeshindwa,” akajibu, sauti ikisikika mpaka benchi la daktari. “Sasa nakubali.”

Kule kwenye ngazi, yule mwenye mwavuli alikuwa angali amekaa.