Waya Uliopita Mlangoni kwa Meneja

Mwanamke nisiyemjua aligonga geti letu saa tano asubuhi. Mkononi alishika utepe wa kupimia nguo, na mwisho wa utepe huo, amefungwa shingoni kwa fundo legevu, alikuwa mbwa wetu Meneja.

"Huyu ni wenu?"

"Ni wetu. Shikamoo, mama."

"Marahaba ya nini? Mwangalie shingo."

Alikuwa amemvua mkanda wake mweusi na kuushika kwa vidole viwili, kama aliyeokota panya. Pale vijiti viwili vya chuma vya mkanda huo vilipokuwa vikigusa, manyoya yalikuwa yamenyonyoka na ngozi ilikuwa mbichi.

"Mimi fundi cherehani, mtaa wa nyuma. Wiki hii ni mara ya nne anakuja kujificha chini ya meza yangu. Mbwa hakimbii kwao bila sababu. Nani kamfanyia hivi?"

Nilimweleza kuhusu uzio wetu usioonekana: waya uliofukiwa kuzunguka kiwanja, na mkanda unaompiga mbwa shoti ndogo akiukaribia. Alinisikiliza kama anavyomsikiliza mteja aliyenenepa akidai gauni ndilo lililopungua.

"Narudi naye," alisema, akiniachia mkanda. "Ukishamjua aliyefanya hivi, njoo uniambie. Nikiridhika, utamchukua."

"Nitakuja leo kabla ya jua kuzama, mama. Nitakwambia ukweli wote."

Niliahidi kwa wepesi kwa sababu nilidhani mkosaji namjua. Nilikwenda moja kwa moja stoo, kwenye kisanduku cha uzio ukutani. Kitufe cha nguvu nilichokiacha kwenye tatu kilikuwa kwenye nane.

"Baba, nani amepandisha hiki?"

Baba ni seremala, na hasimamishi randa kwa ajili ya swali. "Mimi. Kila akitoroka naongeza moja. Sikio la kufa halisikii dawa."

"Shingo yake ina vidonda."

"Ukaidi ndio una vidonda. Jumamosi anakwenda machimbo ya mawe, mlinzi wa kule ana mnyororo." Akapuliza maranda. "Shahada iko ukutani, mbwa yuko barabarani. Umesomea umeme miaka minne, mwanangu. Tengeneza basi."

Nilitoka nje. Ni haki gani hiyo, kiumbe asiyeweza kujieleza aongezewe adhabu kila anapoikimbia adhabu? Hakuna aliyejiuliza anakimbia nini. Niliapa moyoni kwamba nitathibitisha uzio ni mbovu, kisha nitamweka baba mbele ya ushahidi.

Nilianza na betri ya mkanda: nzima. Taa ya kisanduku ilikuwa ya kijani, maana yake waya haukukatika popote. Nikafunga kitaa cha majaribio kwenye vile vijiti na kuzunguka kiwanja chote nimeinama. Kila nilipofika mpakani kiliwaka, nikirudi ndani kilizima. Uzio ulikuwa unafanya kazi kama saa, na jambo hilo lilinikasirisha zaidi, kwa kuwa sasa ushahidi ulikuwa upande wa baba.

Mgongo uliponiuma nilikaa chini, mlangoni pa banda la Meneja, mkanda ukiwa mapajani. Kitaa kikawaka.

Nilidhani nimekosea. Nikakiingiza ndani ya banda, juu ya gunia analolalia. Kikawaka tena, na hakikuzima. Maskini, alikuwa anapigwa shoti kitandani kwake. Akikimbilia mpakani anapigwa nyingine, lakini ng'ambo ya pale kulikuwa na kimya. Sehemu pekee isiyomuumiza ilikuwa nje ya nyumba yetu.

Nikachukua jembe na kufukua. Nyaya mbili zinazotoka kwenye kisanduku kwenda mpakani zilipita chini ya mlango wa banda, zimenyooka sambamba, zikiachana kwa upana wa kiganja. Karatasi ya maelekezo ilisema zisokotwe pamoja njia nzima, ili mawimbi ya waya mmoja yaue ya mwingine na mbwa apite juu yake salama. Niliisoma siku nilipozifukia, nikaidharau. Chuoni mwalimu wetu alikata alama kwa kila waya uliojipinda. Waya ulionyooka, alisema, ndiyo heshima ya fundi. Basi nilizinyoosha kwa rula, nikapiga picha, nikawatumia wenzangu.

Baba alikuja akasimama juu ya shimo. Nilipomweleza, alichutama akazigusa zile nyaya.

"Kumbe nilikuwa namchapa kwa kulala," alisema. "Jumamosi haendi popote." Kisha akanitazama. "Yule mama mwambie panya walitafuna waya. Ukimwambia ni wewe, mbwa hakupi."

"Nilimwahidi ukweli wote, baba."

"Haya. Mkuki kwa nguruwe."

Nilinunua dawa ya vidonda, nikafika kwa fundi jua likiwa bado juu ya mapaa. Meneja alikuwa chini ya meza, amelala juu ya vipande vya vitambaa. Aliponiona alitikisa mkia, lakini hakuinuka.

"Umemjua?" aliuliza bila kuinua mguu kwenye cherehani.

"Nimemjua. Baba aliongeza nguvu, ila shoti ilikuwa inatoka kwenye waya, na waya niliutandaza mimi. Karatasi ilinionya, sikuifuata."

Cherehani ilikimbia hadi mwisho wa mshono. Akakata uzi kwa meno.

"Leo humchukui," alisema.

Nikaiweka dawa mezani, nikamwonyesha inavyopakwa, mara mbili kwa siku, nikatoka.