Chupa Yenye Mwandiko wa Profesa

Mara ya tatu sahani ya kuoteshea seli ilipong'aa kijani, fundi wa maabara aliibeba mwenyewe hadi ofisini kwa Profesa, akaingia bila hodi. Mara mbili za mwanzo alipiga hodi kwa adabu, akaambulia matusi.

Kazi yake ilikuwa kujibu swali moja: kirusi hiki cha popo kinaingia seli za nani? Kirusi chenyewe hakukigusa. Alitumia ganda tupu, lisilodhuru, lililovishwa miiba ya kirusi hicho. Mwiba ukipata pa kushika juu ya seli, hujikunja ukauvuta utando wa ganda na utando wa seli hadi zikawa kitu kimoja, na hapo mgeni yuko ndani. Seli iliyoingiliwa hung'aa kijani. Za popo ziling'aa. Za binadamu zilibaki giza miaka mitano, na juu ya giza hilo Profesa alijijengea jina. Aliandika ripoti kwamba kirusi hakimwingii mtu. Nakala yake, yenye muhuri, ikabandikwa kwenye mlango wa kibanda cha wachimba mbolea, nje ya pango ambamo mdogo wake fundi, tumbo moja, alikuwa akichota kinyesi cha popo. Siku hiyohiyo wachimbaji walitupa barakoa. Joto la pangoni si la mchezo, na nani atajiziba pua kwa kitu ambacho msomi kasema hakimhusu?

Kisha ukungu ukaingia kwenye seli za binadamu, zikafa. Akiba ilikuwa kwenye tangi la baridi, na ufunguo wa tangi haukosi mfukoni mwa Profesa, ambaye alikuwa safarini. Fundi akaomba seli nyingine maabara ya jirani. Hizo ndizo ziling'aa.

Profesa aliporudi alimwambia ana mikono michafu. Alipoletewa sahani ya pili alimtupia ufunguo, akamwambia achukue chupa yenye mwandiko wake, aone seli za watu wanaojua kazi. Nyani haoni kundule. Fundi aliichukua chupa hiyo, akaweka ganda kwenye seli za humo na kwenye za jirani, siku moja, mkono mmoja. Za jirani ziling'aa, za Profesa zikabaki giza. Hapo ndipo damu ilipomchemka, akazipima seli za Profesa ajue ni za mnyama gani.

"Umechanganya chupa tena," Profesa alisema, macho kwenye kompyuta.

"Chupa ilichanganywa, ndiyo. Tazama mwandiko ni wa nani."

Akaweka karatasi ya kipimo mezani. Profesa aliisoma mara mbili. Aliposema tena, sauti ilikuwa imelainika, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane alimwita binti yangu. Alisema makosa hutokea. Mkutano mkubwa ulikuwa mwezi ujao, wangeyarekebisha taratibu baada ya hapo, hakuna haja ya kutia watu hofu bure.

Fundi alimtazama akaona mtu anayehesabu siku, wakati mdogo wake anahesabu magunia. Ilikuwa saa sita, wachimbaji wako kibandani wanapumzika. Akatoa simu, akampigia mdogo wake palepale, akafungua spika.

"Msirudi pangoni," alisema. "Wewe na wenzako wote."

"Dada, kuna nini? Ripoti si hii hapa mlangoni?"

"Ripoti ni ya uongo. Ile chupa aliyoiandika 'binadamu' ilikuwa na seli za nguruwe. Miaka mitano anawauliza nguruwe, halafu anawajibia ninyi."

Huko kibandani mtu mmoja alianza kucheka, akaacha.

"Huyo Profesa yuko hapo?" mdogo wake aliuliza.

"Yuko, anakusikia."

"Mimi nikiibandua, wenzangu watasema nimechoka kazi. Mwambie aje aibandue yeye."

Fundi alikwenda ukutani, akatungua funguo za gari la maabara, akaziweka juu ya karatasi ya kipimo.

"Ni mwendo wa saa moja na nusu hadi pangoni," alisema. "Tutapita dukani kuchukua barakoa."