Neno Lililomtoka Muhamadi

Usimwone Muhamadi amesimama katikati ya ukumbi wa karate, kifua mbele, mkanda mweusi kiunoni, ukadhani ni jasiri. Kwa goti la mkewe alikuwa mwoga kupindukia.

Goti hilo la kushoto Saidati aliliumiza mwaka uliopita, alipotua vibaya baada ya teke. Akapasuliwa, akatembea kwa magongo, akarudi kwenye cherehani yake mtaani Mbugangari, Gisenyi, na kukanyaga pedali kwa mguu huohuo mpaka paja likajaa tena. Asubuhi alikimbia kwenye mchanga wa ziwani, kisha akahamia mlima wa Kanama. Daktari akamkagua, akasema limepona, apigane akitaka. Aliyebaki kutoa ruhusa ni mwalimu wa klabu, na mwalimu wa klabu ndiye huyo bwana anayelala naye kitanda kimoja. Hapo ndipo palipokuwa na kazi.

Jumapili klabu moja ya Goma ingevuka mpaka kuja kupigana nao kirafiki, na Saidati alitaka kuwemo kuliko kitu kingine chochote. Muhamadi hakukataa. Angethubutu? Alisema "tutaona," na kila aliyempangia kupambana na mkewe alimvuta pembeni kwanza, akamnong'oneza apige kidogo.

Tusimwonee lakini, tatizo lilikuwepo. Nguvu zilirudi, pumzi ikarudi, kasi ikakataa. Mguu wa kushoto uliomba ruhusa kabla ya kuondoka, na kwenye karate ukiomba ruhusa umeshapigwa.

Alhamisi, Saidati akifunga kimono yake, alimwambia mbele ya wote, "Leo unipatie Nyirasafari. Na usimunong'oneze kitu. Nikishindwa, Jumapili nitakaa tu kwa benchi, sitakuuliza tena."

Nyirasafari huyo, mwenzao wa klabu, alikuwa muuza vitenge, kila siku yuko Goma na kurudi, miguu myepesi, mkono hauna huruma. Muhamadi akawaanzisha.

Mambo yalianza vibaya. Nyirasafari aliingia akampata kifuani, akatoka, akaingia akampata tena. Kila Saidati alipotaka kujibu alikuwa amechelewa. Kisha mguu wake ukafagiwa, na lile goti likapinda kwa ndani kidogo, kidogo ambacho mtu mwingine asingekiona. Muhamadi alikiona. Mwalimu wa karate ana neno moja la kusimamisha pambano, yame, na huyu bwana amelisema maisha yake yote. Likampotea. Kilichomtoka ni Kiswahili cha Tabora, alikokulia kabla wazazi wake hawajarudi Rwanda, kilekile ambacho mama yake alimkaripia nacho.

"Koma! Koma, Saidati!"

Sasa Saidati ni mzaliwa wa Gisenyi. Nyumbani kwao ni Kinyarwanda, na katika kelele zile sikio lake lilichukua neno la kwao: komera. Jipe moyo. Neno unaloambiwa ukiwa mgonjwa, ukiwa msibani, ukipanda mlima na mzigo kichwani. Mumewe, tangu goti lile, alikuwa amemwambia polepole, angalia, pumzika. Hilo hakuwahi kumwambia.

Mguu wa kushoto haukumuuliza mtu. Uliruka, ukazunguka, wayo ukagusa shavu la Nyirasafari taratibu kabisa, kabla huyo hajainua mikono kujikinga.

"Ee, huyu alikuwa amejificha wapi?" Nyirasafari akauliza, akacheka.

Wakati wa kurudi nyumbani Saidati alimshika mumewe mkono barabarani, jambo asilolifanya mara kwa mara.

"Aksanti, Baba Ineza. Mi nilikuwa nafikiri ulishakata tamaa. Kumbe unaweza kuniambia komera."

Muhamadi angeweza kunyamaza na kuila asante hiyo. Lakini alimpenda mno mwanamke huyu, hakuweza kumdanganya.

"Mama Ineza, sikusema komera. Nilisema koma. Niliogopa."

Saidati akasimama. Kisha akacheka mpaka akaegemea ukuta wa duka la watu.

"Koma! Kama mbuzi yenye iko nakula mahindi!" Akajifuta macho, na kicheko kikaisha. "Donc, kumbe ulitaka nisimame."

"Nilitaka."

"Na sasa?"

Pikipiki zilipita zikipiga honi. Muhamadi aliutafuta woga wake, akaukuta wote upo, haujapungua hata kidogo. Ila sasa alijua kwamba wote huo ulikuwa wake, wala haukuwa wa goti.

"Jumapili utapigana," akasema. "Lakini nikikuona pale katikati, sijui nitapiga kelele gani."

"Si ngumu. Ukiogopa, uanze na hiyo koma yako ya Tabora, halafu umalizie neno, ikuwe komera."

Akajaribu palepale barabarani, kwa sauti ya chini. "Kom..." Neno likaishia hapo. Saidati hakumsaidia. Alimshika mkono tu, akangoja amalize.