Nne Mbili za Ndege 418

Bi Bronka Kęsik aliipaka rangi ndege namba 418 mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 1984, kwa brashi, akiwa juu ya ngazi ya mbao ndani ya kiwanda cha kukarabati ndege za jeshi. Mara ya pili alikuwa na miaka sitini na sita, amekaa kwenye kompyuta ya maktaba mjini Bydgoszcz, miwani imeteremka puani, baada ya miezi saba ya masomo ya jioni.

Alipomaliza alifanya ishara ya msalaba, kama alivyofanya kila alipoiwasha ile kompyuta, kisha akamwita mwalimu.

"Ziemek, njoo uone. Imekwisha."

Ziemowit, au Ziemek kwa wanafunzi wake, alikuwa mpima ardhi wa miaka arobaini hivi. Jumanne na Alhamisi alifundisha wazee kuchora kwa kompyuta, bila malipo. Jumamosi na Jumapili alikuwa mtu mwingine kabisa: kiongozi wa kikundi cha watu tisa waliotengeneza ngozi za ndege za kivita za zamani. Ngozi, kwa lugha yao, ni picha bapa inayovalishwa ndege ya kwenye simuleta, mchezo wa kompyuta wa kurusha ndege, ili ifanane na ndege fulani iliyowahi kuruka kweli, kwa namba yake, madoa yake na mikwaruzo yake. Mwaka huo walikuwa wanaandaa ngozi kumi na mbili za ndege za Kipolandi, na zote zilitakiwa kutumwa mtandaoni Jumapili jioni. Ziemowit aliposikia kwamba mwanafunzi wake alizipaka ndege hizo kwa mikono yake, alimpa 418 palepale.

Sasa aliinama mbele ya kioo cha kompyuta, akaizungusha ndege polepole. Madoa ya kijani na kahawia yalikuwa yamekaa vizuri. Miraba myekundu na myeupe ya taifa ilikuwa mahali pake. Akafika kwenye pua ya ndege, upande wa kulia, akasimama.

"Bi Bronka, hapa ulisinzia. Hii nne iko wazi juu."

"Sikusinzia."

"Upande wa kushoto nne yako imefungwa, ina ncha. Huku kulia ina mdomo wazi kama kifaranga. Ndege moja haiwezi kuwa na nne mbili."

"Hii ilikuwa nazo. Ya kushoto niliipaka mimi. Ya kulia aliipaka Teodozja, mwenzangu wa kiwandani."

Akamweleza. Kiolezo cha bati cha namba nne kilikuwa kimekanyagwa na trekta la kuvutia ndege, kikapindika kama jani la kabichi. Ndege ilitakiwa kuondoka Ijumaa. Basi wakachora kwa mkono, kila mmoja upande wake, bila kuonana, maana mwili wa ndege ulikuwa katikati yao. Mkaguzi alitazama kushoto, akatia sahihi, akaenda kula.

Ziemowit alicheka, lakini akatikisa kichwa. "Hadithi tamu. Una picha?"

"Nani aliruhusiwa kuingia na kamera kiwandani?"

"Unaijua sheria yetu. Picha mbili, la sivyo hakipakwi kitu. Na upande wa kulia hatuna hata moja."

Hilo lilikuwa kweli, na Bi Bronka alijua sababu yake. Ngazi ya rubani huwekwa kushoto, basi wapiga picha wote wa wakati ule walisimama kushoto, ambako rubani hupanda akitabasamu. Upande wa kulia wa ndege nyingi haukupigwa picha na mtu yeyote. Ndiyo maana watengeneza ngozi walikuwa na desturi moja: hupaka kushoto kwa uangalifu mkubwa, kisha huunakili kulia kwa kitufe kimoja.

"Nitainakili nne yako ya kushoto," alisema Ziemowit kwa upole. "Ni nzuri. Hakuna atakayejua."

"Mimi nitajua."

"Bi Bronka..."

"Teodozja alizikwa mwezi wa nne. Ndege alizozipaka zimekatwa vyuma chakavu au zimepakwa rangi nyingine, zote. Ukibonyeza hicho kitufe, utakuwa umefuta kilichobaki, tena kwa mwandiko wangu mimi. Siwezi kukubali hilo. Nipe mpaka Jumapili."

"Utaitoa wapi picha?"

"Sijui bado. Lakini nne ilikuwa wazi."

Alirudi nyumbani kwa tramu, akisali rozari ndani ya mfuko wa koti. Hakumwomba Mungu amsaidie kumshinda Ziemowit. Aliomba hivi: kama nimekosea, nionyeshe, kama sijakosea, nionyeshe pa kutazama. Alipofika fumbo la tatu alikumbuka harufu ya rangi, na mkono wa Teodozja uliokuwa ukichovya brashi kupita kiasi. Msimamizi alikuwa akimkemea kila siku: "Unapaka siagi wewe, siyo rangi!" Teodozja alipaka nene. Tangu ujana wake mpaka kustaafu kwake alipaka nene.

Bi Bronka alishuka kituo kimoja kabla ya chake kwa furaha, akampigia Ziemowit simu akiwa amesimama kwenye mvua.

"418 yenyewe iko wapi?"

"Kwenye kiwanja cha ndege za zamani, njia ya kwenda Toruń. Lakini ile ni uongo mtupu. Waliipaka upya yote rangi ya fedha, na namba wakaiweka kwenye mkia. Nimeshaizunguka mara ishirini."

"Waliikwangua kwanza?"

"Sidhani. Walikuwa watu wa kujitolea, na makopo matatu ya rangi."

"Basi rangi yake nene bado iko chini. Jumamosi uje na turubai. Na tochi yenye nguvu."

Jumamosi anga lilikuwa la kijivu na nyasi zimelowa. Mlinzi wa kiwanja, Bwana Gracjan, mstaafu mwenye masharubu ya njano kwa tumbaku, aliwatazama wakifunika pua ya ndege kwa turubai kisha wakaingia chini yake.

"Mnafanya nini humo? Kama ni harusi, mimi sikualikwa!"

"Tunasoma, Bwana Gracjan!" alijibu Bi Bronka kutoka gizani.

"Tochi iko tayari," alisema Ziemowit. Akaimulika ndege usoni. Rangi ya fedha iling'aa, laini, tupu. "Unaona? Hakuna kitu."

"Unamulika kama polisi. Laza mkono. Tochi iguse bati, mwanga upite juu yake kama unavyofagia. Mchoraji huipima kazi yake hivyo, kuona kama brashi imeacha tuta."

Ziemowit alilaza mkono. Mwanga ulitambaa juu ya bati, na kila kitu kilichokuwa laini kikawa na milima na mabonde. Misumari ilijitokeza, kisha mfuo wa brashi. Kisha, chini ya fedha, tuta jembamba lililopanda, likakata kona, likasimama. Karibu yake, tuta jingine lililosimama peke yake. Juu hayakukutana.

"Mama yangu," alisema Ziemowit.

Nne ilikuwa wazi.

Bi Bronka aliweka kiganja juu ya bati baridi, akalipapasa lile tuta kama mtu anayesoma kwa vidole, akasema Atukuzwe Baba kwa sauti ndogo.

"Piga picha," alisema. "Moja mwanga ukitoka juu, moja ukitoka chini. Si mbili hizo?"

"Ni mbili." Ziemowit alipiga, akapiga tena. Kisha akasogeza tochi kuelekea pua, kwenye moja, halafu nane. Alirudi nyuma, akamulika tena. "Bi Bronka, kuna jambo. Kwenye kazi yako namba imenyooka. Hapa inateremka. Nane iko chini kuliko nne, kama upana wa vidole vitatu."

"Haiwezekani."

"Tazama mwenyewe."

Alitazama. Namba ilikuwa inateremka mlima. Akafumba macho, akaona tena ile Alhamisi ya kupaka namba: Teodozja amesimama tangu saa kumi na mbili asubuhi, ana mimba ya miezi sita, anahamisha ngazi mwenyewe kwa sababu hakutaka kuomba msaada. Ngazi ya pili ilikuwa fupi. Miaka yote hiyo, Bi Bronka alikuwa amemkumbuka rafiki yake akiwa amenyooka.

"Nilimrekebisha," alisema. "Bila kujua. Nilimpaka nilivyotaka awe, siyo alivyokuwa siku ile."

"Tuache hivyo hivyo? Imenyooka ni nzuri zaidi."

"Nani alisema picha mbili, mimi au wewe?"

Ziemowit alicheka mpaka turubai likatikisika, na huko nje Bwana Gracjan akauliza kama keki imeshakatwa.

Jumapili, baada ya misa ya saa tatu na sahani ya supu nyumbani kwa Ziemowit na mkewe, Bi Bronka alikaa mbele ya kompyuta yao. Aliifuta namba ya kulia yote na kuanza upya. Aliweka zile picha mbili pembeni, akafuata tuta kwa tuta. Aliiacha nne wazi, akaishusha moja, akaishusha nane. Ilimchukua saa nne. Alipomaliza, Ziemowit aliirusha 418 ndani ya simuleta juu ya mto Vistula, akailaza kwa bawa la kushoto, na upande wa kulia ukageukia jua wote.

Saa moja jioni ngozi kumi na mbili zilitumwa.

Jumanne darasani, Ziemowit alimwonyesha maoni ya kwanza yaliyofika. Mtu kutoka Poznań alikuwa ameandika kwamba kazi ni nzuri, ila aliyepaka 418 alilewa: namba ya kulia imepinda, na nne haifanani na ya kushoto. Wenzake wanane walikuwa wamekubaliana naye.

"Nimjibu?" aliuliza Ziemowit.

"Sogea," alisema Bi Bronka. Akavuta kiti, akaambatanisha picha mbili kwa utaratibu aliofundishwa wiki ya tano, kisha akaandika kwa vidole viwili, akizitafuta herufi moja moja:

"Hakulewa. Alikuwa na mimba, na ngazi ilikuwa fupi. Jina lake Teodozja Wrzos. Tazama picha."