Inchi Nne za Kabati la Phares

Siku ya tatu friji mpya ya Adoyo ilikuwa ingali sebuleni, imezimwa, kwa sababu mumewe Phares ni mbishi kuliko punda. Soketi ya sebuleni ilikuwa moja tu, ya televisheni, na mzee hakosi taarifa ya habari. Jikoni ingekaa vizuri, ila kabati liliizuia kwa inchi nne. Na kabati hilo Phares aliliunda mwenyewe, enzi zake za useremala wa reli.

"Hiyo friji ndio ikatwe," alisema. "Kabati yangu haiguswi."

Jumamosi akina mama wa chama chao cha kuchangiana wangekuja kuona alichonunua kwa pesa za zamu yake, kama ilivyo desturi yao. Adoyo aliingoja siku hiyo miaka miwili. Kuwapa soda moto mbele ya friji iliyozimwa? Heri augue.

Ijumaa akamleta Shiundu, mshona viatu wa soko la Kariokor ambaye hajawahi kushika msumeno, akasema huyu ni seremala. Maneno ya kumchokoza mzee alikuwa amemfunza njiani. Shiundu akalizunguka kabati, akaguna, akaligonga kwa ukucha.

"Mzee, hii kitu ilitengenezwa na mwanafunzi?"

Kisha akaeleza atakavyolipunguza kwa panga na kulipigilia misumari ya mabati. Phares akamfukuza bila hata chai. Akavuta sanduku la vifaa kutoka uvunguni, akapima mara tatu, akakata. Kufikia jioni friji ilikuwa jikoni, inanguruma.

Jumamosi Adoyo alivaa gauni jipya. Wageni walipoingia jikoni, Phares alikuwa ameshatangulia. Teresiah, mwenyekiti wa chama, alipapasa pale palipokatwa, akatafuta alama ya msumeno asiione. Wenzake wakapapasa pia. Friji hakuna aliyeifungua.

"Jana angeniharibia nyumba fundi mmoja wa uongo," Phares akawaambia. "Huyu mama watoto hudanganyika haraka sana."

Wakamtazama Adoyo kwa huruma. Roho ilimuuma. Jibu alikuwa nalo, tena la kumnyamazisha mzee mwaka mzima. Lakini Teresiah alikuwa ameshamwomba Phares aende kwake Jumatatu na msumeno wake, na Phares alikuwa anacheka kama siku aliyomwoa.

Adoyo akalimeza jibu lake, akawamiminia juisi.