Dawa ya Panya

Vidole vilipoanza kumkatalia, Yasmini alisingizia baridi ya Dongobesh. Kila fundi cherehani wa mji ule hulalamikia baridi ya asubuhi, naye alikuwa ameshona miaka ishirini na miwili kwenye baraza ya duka la mumewe, Abdulrahim. Lakini Januari ilikuja na jua lake na vidole vikabaki vile vile, vimevimba kwenye vifundo, havikunjuki mpaka saa nne. Kufunga vifungo vya nguo yake mwenyewe kukawa kazi. Sare za shule zikarundikana, na wazazi wakaanza kuzichukua kimya kimya na kuzipeleka kwa fundi mwingine.

Siku ya Idi, binti wa kaka yake, Shamimu, alikuja kula pilau. Shamimu alikuwa anafanya kazi katika maabara ndogo ya utafiti kule Haydom. Wageni walipomuuliza anafanya nini hasa, akaeleza kwamba mwili una askari wake wa kinga. Wakati mwingine askari hao huendelea kupigana hata adui akishaondoka, na mahali wanapopigana ndipo panapovimba na kuuma. Basi mwili una protini ya kuwaambia inatosha. Wao maabara walikuwa na protini hiyo ya panya. Haikutolewa kwenye panya. Kiwandani ilikotoka, bakteria walipewa maelekezo ya kuitengeneza yaliyomo katika mwili wa panya, wakaizalisha. Shamimu aliidondosha juu ya seli za panya zilizochokozwa, nazo zikatulia.

"Zinatulia kabisa?" Yasmini aliuliza.

"Nyingi zinatulia, shangazi."

Hakuuliza zaidi. Wiki iliyofuata alipanda basi la asubuhi kwenda Haydom. Mama aliyekaa naye kiti kimoja akamuuliza anakwenda kumwona mgonjwa gani.

"Mgonjwa ni mimi. Nakwenda kuchomwa dawa ya panya."

Yule mama akamwambia kwa upole kwamba matatizo ya ndoa huzungumzika, mtu asikimbilie sumu. Yasmini akacheka mpaka machozi yakamtoka, halafu ikambidi aeleze njia nzima.

Shamimu alitoka maabara na koti lake jeupe, uso umejaa wasiwasi. "Shikamoo shangazi. Nyumbani kuna nini?"

"Marahaba. Nyumbani wazima." Yasmini akanyoosha mikono. "Nimekuja unichome ile ya kutuliza."

Shamimu akamkalisha kwenye benchi nje ya mlango. "Siwezi, shangazi."

"Huwezi au hutaki?"

"Yote mawili."

"Panya wanapata, mimi niliyekubeba mgongoni nakosa."

Neno lile lilimchoma binti. Yasmini aliliona likimchoma, na hakulirudisha. Shamimu akaingia ndani, akarudi na kichupa kitupu, kidogo kama ncha ya kidole gumba. Akamsomea maandishi ya Kiingereza yaliyokuwa ubavuni: kwa utafiti tu, si kwa binadamu.

"Humu mlikuwa na unga mweupe kama vumbi la chaki. Haukusafishwa kwa ajili ya damu ya mtu. Mwili wako unaweza kuuona ni mgeni ukaanzisha vita vingine. Hata ile protini ya binadamu, wagonjwa wa nchi za nje walipewa, haikuwasaidia kama ilivyotarajiwa. Kwenye kisahani cha maabara mambo ni mepesi. Ndani ya mtu ni mazito."

"Sasa kazi yenu ina faida gani?"

"Ya kujua. Ukishajua kinachowatuliza hao askari, ndipo mwingine anatafuta dawa. Inachukua miaka."

Yasmini akainuka kwenda kusubiri basi la kurudi. Shamimu akamshika mkono, akaugeuza, akavigusa vifundo kimoja kimoja.

"Vinakaza mikono yote miwili?"

"Yote."

"Na daktari amesemaje?"

"Daktari wa nini? Ni baridi hii."

Shamimu akavua koti. "Shangazi, twende. Ninavyoona mimi, huu ugonjwa wako dawa yake ipo. Tena ya siku nyingi."

Hospitalini, Daktari Theodory alimminya viungo vyote, akaagiza vipimo vya damu, na majibu yalipotoka akamwambia ni baridi yabisi, ile ambayo kinga ya mwili inajigeukia yenyewe. Akampa vidonge vya kumeza siku moja tu kwa wiki, akarudia mara tatu kwamba si vya kila siku, na kwamba damu itapimwa kila mwezi kuangalia ini. "Haina haraka, mama. Ipe miezi miwili, mitatu."

Wiki ya nne alitaka kuacha. Lakini kila Ijumaa Shamimu alipiga simu kuuliza kama amemeza, na Yasmini hakuweza kumdanganya mtoto yule. Wiki ya tisa, asubuhi moja, alinawa uso, akalowesha taulo, akalikamua. Maji yalikuwa yameshaisha kudondoka alipotambua alichofanya. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Abdulrahim akamkuta analia, akauliza nani amefariki.

"Nimekamua taulo," akasema.

Vidole viwili vya mkono wa kulia vilibaki vimepinda, na daktari alisema hivyo havitanyooka. Vingine vilirudi kwenye cherehani.

Aliporudi kliniki mwezi uliofuata, maabara ya Shamimu ilikuwa inatafuta watu wa kujitolea kutoa damu, wagonjwa na wasio wagonjwa, maana sasa walitaka kuangalia seli za binadamu. Shamimu akamletea fomu, akamwomba aisome yote kwanza. Yasmini akaisoma taratibu, kurasa tatu.

"Itanitibu mimi?"

"Hapana, shangazi."

"Itamtibu nani?"

"Labda mtu ambaye bado hajazaliwa."

Yasmini akaifikiria kidogo. Akasaini, akamwambia muuguzi kwamba mshipa wa kushoto ndio unaopatikana kirahisi.